Siku tano Tanga: kusoma bahari ya kale kwenye mawe na tope

Nimerudi Morogoro wiki mbili sasa, na kurasa za daftari langu bado zina madoa ya tope. Nimekaa nalo jioni tatu, nikafungua picha za simu moja baada ya nyingine, ndipo nikaandika haya.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Miaka yote nimefundisha miamba tabaka kwa chaki: nachora mistari mitatu sambamba, naandika mchanga, tope, chokaa, wanafunzi wananakili, kengele inalia. Likizo hii mpwa wangu, anayeingia kidato cha sita, aliniuliza swali lililoninyima usingizi. "Mjomba, mnasema bahari ya zamani ilikuwa ya moto au ya baridi. Mlijuaje? Jiwe halina kipimajoto." Jibu nilikuwa nalo kichwani kwa kusoma. Nilitaka yeye alishike mkononi. Tukapanga Tanga.

Siku ya kwanza, Alhamisi: Msamvu hadi Ngamiani

Tulitoka Msamvu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nauli shilingi 22,000 kila mmoja. Hadi Chalinze hakuna la kusimulia. Tulipokaribia Mkata gari likaanza kutoa mlio, dereva akaegesha pembeni: mkanda wa injini umekatika. Tukaambiwa nusu saa. Tukakaa saa mbili na dakika kumi.

Mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi kando ya barabara alituita chini ya mwembe wake, akatoa benchi, akawamiminia maji watoto wote waliokuwa kwenye basi. Nilinunua mahindi mawili kwa shilingi elfu moja, nikataka kuongeza kidogo kwa ajili ya maji. Alikataa katakata. "Maji hayauzwi kwa msafiri, baba."

Chini ya mwembe ule ndipo somo lilipoanzia. Mpwa wangu alikuwa na chupa tupu ya lita moja na nusu. Tukachota udongo wa kando ya barabara, wenye kokoto ndogo, mchanga na vumbi jekundu, tukaujaza robo ya chupa, tukaongeza maji, akatikisa kwa nguvu kisha akaisimamisha kwenye benchi. Kokoto zilitua mara moja. Mchanga ukafuata kabla hujahesabu kumi. Vumbi likabaki limeelea, maji mekundu kama chai ya rangi, na hata basi lilipowashwa lilikuwa halijatua lote. Ukiitazama chupa kwa ubavu unaona tabaka: chini punje kubwa, juu laini.

Kwenye kina kirefu cha bahari kuna mawe yenye mpangilio huo huo, tabaka juu ya tabaka, maelfu. Kila moja ni poromoko: tope na mchanga vilikaa kwenye mteremko ukingoni mwa bara, vikachomoka, vikatiririka chini kama mto mzito, vikatua. Mwaka 1929 tetemeko lilipiga karibu na Newfoundland, Kanada, na nyaya za simu za maandishi zilizolazwa chini ya Atlantiki zikakatika moja baada ya nyingine kuelekea kina kirefu, kwa zaidi ya saa kumi na mbili. Baadaye wanasayansi walielewa kwamba lililokuwa likizikata ni poromoko la namna hiyo lililokuwa likisafiri sakafuni mwa bahari. Kwetu hapa, mchanga mwingi unaohifadhi gesi asilia kwenye kina kirefu nje ya Lindi na Mtwara ulifika kule kwa njia hiyo. Nilipomweleza hayo konda aliyekuwa amesimama nyuma yetu, aliomba chupa, akaitikisa mwenyewe mara mbili, akatulia kuitazama mpaka dereva alipopiga honi.

Kwa atakayefuata: beba maji ya kutosha kwa kipande cha Msata hadi Segera, na usinunue machungwa kabla ya Muheza. Pale Muheza mwezi wa saba yanapangwa mafungu dirishani kwako, tulinunua kumi na mawili kwa elfu mbili, matamu.

Tuliingia Tanga saa kumi na moja jioni. Tulilala nyumba ya wageni Ngamiani, chumba cha vitanda viwili 30,000, feni inafanya kazi, maji yanatoka. Ngamiani barabara zinaitwa kwa namba, kwa hiyo mgeni hapotei: ukijua unalala barabara ya ngapi unahesabu tu.

Siku ya pili, Ijumaa: Amboni

Asubuhi tulikula mkate wa kumimina na maharage ya nazi, wawili kwa 4,000, kisha tukachukua bajaji. Mapango ya Amboni yako kama kilomita nane kaskazini ya mji, njia ya kwenda Horohoro. Tulikubaliana 20,000 kwenda, kusubiri na kurudi. Nenda mapema kama ni Ijumaa, kwa sababu adhuhuri mji unatulia kwa sala na bajaji zinapungua. Kiingilio tulilipa kwa simu kwa namba ya malipo ya serikali tuliyopewa pale pale, hivyo hakikisha simu ina salio la fedha, usitegemee noti. Vaa viatu vya kufunga.

Mwongozaji wetu alikuwa mtu mzima mpole, anayejua kila kona ya giza lile. Ndani kuna popo, kuna mahali pa kupita kwa magoti, na kuna chumba cha mzimu ambako watu huja na sadaka zao na maombi yao. Pale tulinyamaza, hatukupiga picha. Yeye alituambia mawe haya yana miaka takriban milioni 150. Ni mawe ya chokaa ya enzi ya Jurasi, na ukikumbuka kwamba enzi hiyo Madagaska ndiyo ilikuwa ikijitenga na bara letu, na bahari ikiingia kwenye mwanya ule, unaelewa kwa nini ukiwa Kiomoni, mbali na mawimbi, umesimama kwenye sakafu ya bahari.

Nilikuwa nimebeba kichupa cha siki. Ndani ya pango usiguse kitu, usimwage kitu. Nje, kwenye kifusi cha kando ya njia, tuliokota kipande cha jiwe jeupe na mpwa wangu akakikwangua kwa kisu mpaka ukatoka unga. Akadondosha siki. Unga ukafoka, vipovu vidogo vidogo, akasogeza sikio akasikia mlio wake. Kisha akakwangua kutoka kwenye utando wa udongo wa kijivu uliokuwa umeshikamana na jiwe lingine, kama vile utando unaoonekana ukutani kati ya tabaka moja la chokaa na lingine. Pale siki ililowesha tu, vipovu viwili vitatu, basi.

"Sasa," nikamwambia, "fikiria bahari nzima ni siki nyepesi."

Maji ya kina kirefu ni baridi, yana mgandamizo mkubwa, na yamebeba kabonidioksidi nyingi inayotokana na mizoga na uchafu unaooza njiani kuelekea chini. Magamba ya chokaa ya viumbe wadogo wa juu yananyesha mchana na usiku. Yakitua penye kina cha kilomita mbili au tatu yanasalia na kuwa tope jeupe. Yakivuka kilomita nne au tano hivi, yanayeyuka, na kinachobaki sakafuni ni udongo mtupu, au magamba ya viumbe wengine wadogo waitwao radiolaria, ambayo ni ya silika, mfano wa kioo, na hayaogopi asidi hiyo. Mfano ninaoutumia darasani ni Kilimanjaro: milima ya chini ya bahari nayo ina vilele vyeupe, na kuna mstari ambao ukishuka chini yake weupe unakoma.

Mstari huo hupanda na kushuka kwa nyakati, na mawe yanaukumbuka. Mwaka 2003 meli ya utafiti ilichoronga Walvis Ridge, safu ya milima iliyozama kusini mwa Atlantiki, wakatoa nguzo ndefu za tope la kale. Penye umri wa miaka milioni 56, weupe unakatika ghafla na kuwa udongo mwekundu, halafu weupe unarudi polepole. Kaboni nyingi ilikuwa imemwagika hewani na baharini, joto la dunia likapanda kwa nyuzi tano au zaidi, na ule mstari ukapanda zaidi ya kilomita mbili. Ilichukua zaidi ya miaka laki moja bahari kurudisha weupe wake. Yaani badiliko la rangi unaloweza kulifunika kwa kiganja ni tukio lililotikisa bahari zote.

Mpwa wangu alitazama ukuta wa pango, akauliza kama nao unaweza kusomwa hivyo. Ilinibidi niwe mkweli. Chokaa la Amboni si la kina kirefu, ni la bahari ya karibu na pwani, yenye mwanga na uvuguvugu. Halafu limeandikwa upya. Maji ya mvua yaliyochanganyika na hewa ya udongo yameliyeyusha na kuligandisha tena mara nyingi, ndiyo yaliyochonga vyumba na kuning'iniza yale mapambo ya mawe tunayoyasifia. Uzuri wote ule ni kazi ya maji yaliyokuja baadaye. Ukipima kemia yake kwa pupa, utapima historia ya mvua ukidhani unapima bahari.

Usiku tulikula bada la muhogo na mchuzi wa papa kwa mama mmoja wa barabara ya nane, sahani 3,500. Huko ndiko nilikomjibu lile swali lake la kipimajoto, na ningependa kila mwanafunzi wa Tanzania alijue jibu hili, kwa sababu limetoka kwenye ardhi yetu.

Kuna viumbe wa seli moja waitwao foraminifera, wadogo kama chembe ya mchanga, wanaoelea juu ya bahari na kujijengea gamba la chokaa. Oksijeni wanayoitumia ipo nyepesi na ipo nzito. Maji yakiwa baridi, gamba linabeba nzito zaidi kidogo, yakiwa na joto linabeba pungufu. Gamba ndilo kipimajoto. Kwa miaka mingi magamba ya enzi ya Eosini, ile iliyoanza miaka milioni 56 iliyopita, yaliyotolewa kwenye tope jeupe la bahari kuu, yalionyesha jambo lisiloingia akilini: kwenye ncha za dunia kulikuwa na joto kubwa, lakini bahari za tropiki zilionekana za baridi kuliko za leo. Watu walivunja vichwa kutafuta namna ambavyo dunia ingeweza kuwa hivyo.

Jibu likatoka Kilwa na Lindi. Huko kuna udongo wa kijivu uliogandamana, uliotua kwenye bahari yenye kina cha mita mia kadhaa. Mwaka 2001 Paul Pearson na wenzake walichapisha vipimo vya magamba yaliyotoka kwenye udongo kama huo, vikiwemo vya Tanzania, na joto la uso wa bahari ya tropiki likaja nyuzi 28 hadi 32 au zaidi. Miaka iliyofuata walichoronga maeneo mengi huku kusini mwa pwani yetu, wakatoa nguzo za mwamba mfano wa mua mrefu. Magamba ya Kilwa ukiyaweka chini ya hadubini yanapitisha mwanga kama kioo. Yale ya tope jeupe la bahari kuu ni meupe kama chaki, na weupe huo ndio kosa: yalipokuwa yamelala sakafuni yalijigandisha upya ndani ya maji baridi ya chini, yakachukua alama ya baridi isiyokuwa yao. Udongo wa Kilwa, mzito usiopitisha maji, uliyafunika magamba na kuyafungia kila kitu nje.

Mama wa bada alikuwa amesimama kusikiliza, sahani mkononi. "Kwa hiyo tope ndilo lasema kweli," akasema. Niliandika maneno yake palepale.

Siku ya tatu, Jumamosi: Deep Sea

Tulienda mwalo wa Deep Sea saa moja asubuhi, wenyeji wanatamka Dipsii. Changu, kibua, ngisi, kelele za mnada, barafu ikivunjwa kwa rungu. Kilo ya kibua ilikuwa 8,000 na ukinunua kuna vijana wanaosafisha kwa elfu moja. Fika kabla ya saa mbili, baadaye vinabaki vya kubagua.

Niliuliza habari za silikanti, samaki wa kale wa kina kirefu. Mzee mmoja aliyekuwa akishona jarife akatuita tukae. Alituonyesha matundu ya jarife, mapana kuliko kiganja changu, na akaeleza linavyotegwa kina kirefu kwa ajili ya papa. "Yule hatakiwi na mtu, mwanangu. Nyama yake mafuta matupu. Aja mwenyewe, anaswa." Samaki huyu alijulikana kwa visukuku tu, na kwenye mawe yaliyofuata baada ya miaka milioni 66 iliyopita hakuonekana tena, mpaka alipovuliwa mmoja mzima nje ya Afrika Kusini mwaka 1938. Kwetu alianza kunaswa mwaka 2003, na Tanga imekuwa na wengi kiasi kwamba mwaka 2009 ilitangazwa hifadhi ya bahari yenye jina lake.

Nilimwonyesha mpwa wangu kitu hapo, na nakishikilia kwa nguvu ninapofundisha. Mwamba ukinyamaza kuhusu kitu, hujathibitisha kwamba kitu hicho hakikuwepo. Silikanti waliishi muda wote huo kwenye miteremko ya mawe yenye giza, mahali ambapo tope halitulii vizuri wala mifupa haihifadhiki. Mzee wa jarife alitikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye sindano yake. Alikataa kupigwa picha, akatupa ndimu nne za kulia kibua.

Mchana wote mvua ilinyesha, tukalala.

Siku ya nne, Jumapili: Tongoni

Hii ndiyo siku niliyoijia Tanga. Nilikuwa nimeichagua kwa mwezi: mwezi mpevu, maji ya bamvua, yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine, na pwani hii bamvua hukupwa sana kama saa nne asubuhi. Daladala ya njia ya Pangani ilituchukua kwa 2,500 kila mmoja, barabara ina mashimo baada ya mvua. Tulianza na magofu, msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, yote ya mawe ya matumbawe. Ukisogeza jicho unaona vijumba vya matumbawe ndani ya jiwe, vidogo kama masega ya nyuki. Msimamizi alitueleza kwa utulivu, hakutuharakisha. Nisingependa kupapita haraka, lakini maji hayasubiri, na tulishuka mikokoni.

Mama mmoja wa makamo alikuwa ameinama anaokota kombe, yale magamba yenye nyama ya kuliwa, ndoo kiunoni. Mpwa wangu alimwamkia, akaitika "Marahaba mwanangu, waja okota?" Tukamweleza tunataka kuchimba tope tulitazame, kisha tunalirudisha. Alicheka kidogo, akasema twende naye akatuonyeshe pa kukanyaga, maana kuna mahali mtu huzama hadi mapaja. Kabla hatujaanza akamshika mpwa wangu mkono. "Vua pete hiyo. Kama ni fedha yatoka nyeusi humu."

Ilikuwa ya fedha, ya mama yake. Akaivua, nikaiweka mfukoni.

Tulichimba kwa mikono. Juu kabisa tope lilikuwa la kahawia, unene wake kama ganda la chungwa. Chini yake, papo hapo, jeusi. Si kijivu cha kuelekea weusi, jeusi la masizi ya chungu, laini kama samli, na harufu ya yai viza ikapanda. Mpwa wangu alirudisha kichwa nyuma. Nilimwambia ainuse tena, kwa sababu hiyo ndiyo harufu ya mahali pasipo na oksijeni. Vijidudu vya huko chini havina hewa, vinatumia salfa iliyomo kwenye maji ya chumvi, na vinatoa gesi hii. Gesi inakutana na chuma kilichomo kwenye tope, ndipo weusi unapozaliwa. Gesi hiyo hiyo ndiyo ingeila pete.

Kisha nikamwonyesha mashimo ya kaa. Kuzunguka kila shimo, weusi ulikuwa umepasuliwa na pete ya kahawia iliyoshuka chini kufuata njia ya kaa. Penye shimo hewa imeingia, chuma kimepata kutu. Ukilikata tope la namna hii kwa kisu hupati mistari yoyote iliyonyooka, kaa na minyoo wameshalivuruga kama unga wa chapati.

"Na kama kaa wote wangekufa?" akauliza.

Hapo ndipo nilipotaka afike. Wakifa, hakuna wa kuvuruga. Kila msimu ungelaza utando wake mwembamba juu ya mwingine, na ungebaki hivyo. Kwa hiyo ukikuta mwamba mweusi wa bahari wenye mistari myembamba kama kurasa za kitabu kilichofungwa, huo mpangilio wenyewe ni ushahidi kwamba sakafuni hapakuwa na kiumbe wa kutambaa, na hapakuwa na kiumbe kwa sababu hapakuwa na hewa. Karibu na mji wa Gubbio, Italia, kuna kuta za chokaa jeupe la bahari kuu, na katikati yake limepita tabaka jeusi la unene wa kama mita moja, la miaka kama milioni 94 iliyopita. Mawe meusi ya umri huo yamepatikana sehemu nyingi za dunia, hadi chini ya Atlantiki. Bahari ilikuwa na joto kali, volkano zilikuwa zimemwaga kaboni, maji ya moto hayashiki oksijeni nyingi, na rutuba ikawa nyingi kupita kiasi: mwani ukastawi juu, ukafa, ukaoza chini na kuimaliza hewa iliyokuwepo. Kinyume chake ni ule udongo mwekundu wa kina kirefu, uliotua polepole mno, kama milimita moja kwa miaka elfu. Wekundu wake ni kutu: maji ya chini yalikuwa baridi na yenye hewa.

Mama wa kombe alikuwa amesimama na ndoo yake muda wote huo. Akasema kuna sehemu ya mkono wa maji, upande wa ndani, ambako zamani alikuwa akiokota kombe nyingi, sasa weusi umefika juu kabisa na hata kaa hawachimbi. Nilimuuliza tangu lini. "Tangu mkono ule uzibe kwa mchanga, maji hayazunguki." Alinyoosha kidole, tukaona kwa mbali pale pasipo na mashimo. Sikuwa na la kuongeza. Ameliona peke yake, bila hadubini, jambo lile lile ambalo wengine wanalisoma kwenye mwamba wa miaka milioni 94.

Tulirudisha tope mahali pake, tukalikandamiza. Alitupa kombe kumi na mbili, tukampa sabuni na sukari tulizokuwa nazo, akapokea kwa mikono miwili. Mpwa wangu alitoka na raba moja imejaa tope hadi kwenye kamba, hakuna maji ya kutosha ya kuosha, tukaifunga kwenye kanga kuukuu.

Kwa atakayekwenda: angalia mwezi kabla ya kupanga tarehe, tafuta mwenyeji wa kuongozana naye, na usibebe jiwe, gamba wala tumbawe. Gari la kurudi mjini linakuwa shida baada ya saa kumi jioni. Sisi tulipewa lifti na kijana mwenye pikipiki ya magurudumu matatu iliyobeba nazi, tukakaa juu ya nazi, alichukua elfu tatu kwa wote wawili.

Siku ya tano, Jumatatu: kurudi

Watanga husema waja leo waondoka leo. Sisi tuliondoka ya tano, na bado tulitamani ya sita. Basi lilitoka saa moja kamili, safari hii halikusimama ila Segera kwa chai na Chalinze kwa abiria. Jumla ya matumizi kwa watu wawili, nauli, malazi, chakula na mizunguko, ilikuwa kama 340,000.

Kesho yake mpwa wangu alifungua ile kanga uani ili aoshe raba. Tope lilikuwa limekauka na kuwa la kahawia lote, limepasuka pasuka. Alitaka kuligonga ukutani, akasita, akaenda kuchukua kisu cha jikoni. Alichomoa bonge la kisiginoni, kubwa kama nusu ya ndimu, akalikata katikati.

Nje kahawia, unene wa ganda la chungwa. Ndani bado jeusi. Aliweka pua karibu, akaniita.